Sinia Lisiloona Moto

Mwajuma mwanangu,

Salamu umepewa za kutosha tangu asubuhi, na kila aliyekuja kukuaga amekuachia la kwake: usizungumze na usiowajua kwenye treni, usinunue chakula dirishani, Mwanza kuna baridi ya ziwa, chukua sweta. Hayo mie nayaruka. Una miaka kumi na tisa, una cheti chako cha uhasibu, kiwanda cha samaki kimekuita kwa jina lako, na begi umelifunga vizuri kuliko ambavyo ningelifunga mie niliyezeekea kwenye mizigo.

Ninaandika kwa sababu ya ile kauli ya Mama Mkubwa leo mchana. Ulikuwa unapitisha chai barazani, watu wamejaa, naye akaniambia, "Shemeji, mtoto huyu ulibaki naye kwa ujanja wa matango, na sasa unamtupa Mwanza." Watu wakacheka. Wewe ukainama, ukaanza kukusanya vikombe ambavyo bado vilikuwa na chai. Nilikuona. Uliona haya.

Sitaki upande treni na haya hiyo. Ramadhani inaanza wiki ijayo, kwa hiyo Idi itakukuta huko, kwenye chumba cha kupanga, hujui mtu, na watu watapiga hodi kwa sababu Waislamu wa mtaa wowote hupiga hodi siku ya Idi. Nataka siku hiyo uwe unajua vizuri umetoka wapi.

Mama yako alipofariki ulikuwa na miaka minane, kwa hiyo unakumbuka vipande vipande. Mie nakumbuka yote, na mengine nayakumbuka kwa hasira mpaka leo. Arobaini ilipokwisha, Mama Mkubwa, dada yake mama yako wa tumbo moja, alikuja kutoka Kinondoni na mumewe. Akakaa kwenye kile kiti cha waya, akatoa maneno aliyokuwa ameyapanga njia nzima. Kwamba mtoto wa kike anataka nyumba inayopikwa. Kwamba mwanamume anayeshinda Kurasini akihesabu makontena hawezi kujua mwanawe amekula nini. Kwamba yeye ana nafasi, ana binti zake, ana jiko.

"Shemeji, mtoto anakula," nikamwambia.

"Anakula wapi? Kwa Mama Chausiku. Mtoto wa mdogo wangu analelewa na sahani ya jirani."

Hilo lilikuwa kweli, ndiyo maana liliniuma. Mama Chausiku wa ukuta wa pili ndiye aliyekuwa anakupa cha mchana, na cha usiku pia siku ambazo meli zilikuwa nyingi. Kupika nilishajaribu. Wali wangu ulikuwa na tabaka tatu: chini makaa, katikati uji, juu mchele. Wewe mwenyewe uliniambia, "Baba, leo tule mkate," na ulikuwa na adabu kuusema hivyo.

Basi Mama Mkubwa akamalizia hivi: "Idi inakuja. Idi mosi tutakuja hapa kama tulivyokuwa tukija mwenzetu akiwa hai. Nyumba ikitupokea kama nyumba, mtoto abaki. Nikikuta jiko baridi, naondoka naye siku hiyo hiyo, na nguo zake."

Baba Mkubwa akatazama viatu vyake. Mie nikasema, "Njooni."

Wewe ulikuwa chumbani, mlango uko wazi, na ulisikia kila neno. Kuanzia siku ile ulianza kulala na ile kanga ya mama yako umejifunga kiunoni kama mtu anayesubiri safari. Nilikuwa nakufungua fundo ukiwa usingizini, asubuhi nakukuta umelifunga tena.

Sasa, unajua watu wetu walivyo siku ya Idi. Mgeni kabla hajavua viatu anavuta hewa. Asiposikia harufu ya pilau anauliza kwa upole kama kuna mgonjwa. Nyumba ambayo jiko halikuwaka inahesabiwa imemkataa mgeni, hata ukimwekea asali. Mama Mkubwa alilijua hilo. Alinitegea mahali ambapo alikuwa na hakika nitakwama.

Mama Chausiku akajitolea kunipikia. "Lete mchele na nyama tu," akasema, "nitavipika kwangu, tuvipitishie uani, nani atajua?"

Nikakataa. Akaniona mpumbavu, akanitangaza mtaa mzima kwamba nina kichwa cha jiwe. Lakini piga hesabu mwenyewe: pilau ya Mama Chausiku ndani ya nyumba yangu ingekuwa ushahidi wa Mama Mkubwa, si wangu. Angekula kijiko kimoja, angeujua mkono wa jirani, na ungekwenda Kinondoni ukiwa na harufu ya pilau ya jirani. Nilichokuwa nakitaka ni kitu ambacho mie na wewe tungeweza kukifanya kwa mikono yetu minne, mwaka ule na mwaka utakaofuata.

Na kitu hicho nilikuwa nakila kila siku, sema sikuwa nimekiangalia. Yadi yetu ya Kurasini ilipakana na matangi ya mafuta. Moto ulikuwa marufuku kabisa, hata kiberiti unakiacha getini kwa mlinzi. Mama ntilie haruhusiwi kusogea. Kwa hiyo sie, makarani na makuli pamoja, tulikuwa na desturi yetu: saa sita tunageuza kifuniko cha kreti, tunatandika jani la mgomba, kila mtu anaweka alichokuja nacho ambacho hakitaki moto. Huyu matango, huyu machungwa, huyu nazi, huyu korosho za kukaanga alizonunua njiani, yule wa Tanga haishiwi ndimu na pilipili. Tulikuwa tunazunguka kifuniko kile watu kumi na wawili, tunakula, tunataniana, na hakuna aliyewahi kusema hakukaribishwa. Kapteni wa meli moja alishawahi kuchuchumaa nasi, akala matango yenye chumvi mpaka akakaa chini kabisa na suruali yake nyeupe.

Siku moja nikiwa na kipande cha nazi mkononi nikajiambia, kumbe jibu ninalo.

Nikaanza kununua mapema. Miaka ile sukari bado ya foleni, sabuni ya foleni, lakini tende za Ramadhani zilikuwepo kwa Mwarabu wa hapa Tandika, na korosho za kukaanga zilikuwepo. Ilikuwa mwisho wa masika: matango tele, machungwa ndiyo kwanza yanaanza kuingia, mapapai, karoti, nazi. Nikapanga kama ninavyopanga shehena. Mgeni mmoja anakula tende tatu, korosho za kujaza kiganja, vipande vinne vya tunda, na anapochovya mtindi anachovya mara tano kabla hajaona haya. Wageni arobaini. Nikajua nahitaji nini, nikakinunua chote.

Sasa nakuja kwenye kosa langu, ambalo Mama Mkubwa halijui mpaka leo, na ukitaka kumwambia mwambie.

Ilikuwa siku ya ishirini na tisa ya mfungo. Mawingu yamefunika upande wote wa magharibi. Tumefuturu, watu wako nje wanatazama juu, redio ziko madirishani. Mara watoto wa kule Mtoni wakaanza kupiga madebe: mwezi, mwezi. Mtu akasema kauona kwa macho yake, mwembamba kama ukucha. Mie sikungoja redio. Nilijiona niko nyuma: kesho wageni, sina mke, sina jiko, nina kisu kimoja. Nikaketi, nikakata. Nikamenya machungwa yote nikayapasua, nikakata mapapai, nikakata ndizi, nikakata matango yote nikayatia chumvi kabisa ili yakolee. Wewe ulikuwa unapanga kwa duara, kijani, nyeupe, kijani, na ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba nikusikie unaimba.

Nilipoweka kisu chini redio ikasema mwezi haujaonekana popote. Kesho ni thelathini. Kesho ni funga.

Mama Chausiku akachungulia juu ya ukuta. "Baba Mwajuma," akasema, "umekata kwa mwezi wa nani?"

"Kwa mwezi wangu."

"Basi kesho sali Idi peke yako."

Tukala usiku ule tulivyoweza, tukagawia watoto wa mtaa, tukala tena daku. Friji hatukuwa nalo, unajua. Kufika adhuhuri ya kesho yake matango yameogelea kwenye maji yao wenyewe, ndizi nyeusi, papai linachachuka. Nami nimefunga, nimekaa mbele ya masinia mawili ya uozo, na mfukoni nimebakiwa na kidogo tu. Nilikutazama. Ile kanga ulikuwa umeifunga tena.

Hapo ndipo nilipofanya kitu cha akili. Sikutupa kwa hasira. Nilichambua, kama tunavyochambua shehena iliyoingia maji: kilichoharibika huku, kilichopona huku. Vilivyopona vilikuwa tende, korosho, karanga, karoti nzima, nazi ambazo sikuwa nimezivunja, na maziwa ya mgando ambayo nilikuwa nimeyaning'iniza kwenye kitambaa ili yachuje maji. Yale yalikuwa yameganda mazito, mazuri kuliko jana. Nikasema kumbe hili ndilo sinia. Hivi ndivyo vitu visivyojali mwezi. Vingine vyote ni pambo, vinakatwa mgeni akiwa mlangoni.

Nikakupa tende na korosho, nikakuonyesha: pasua ubavuni, toa kokwa, weka korosho, funga. Hakuna moto wa kukuunguza, hakuna kisu kikubwa. Nilikuwa sijafikiria kwamba huo ndio utakuwa wema wa sinia hili: mtoto wa miaka minane analiweza. Ulijaza tende zote, na korosho zilipokwisha ukatia karanga. Zile za mwanzo korosho zilikuwa zimechungulia kama meno, za mwisho zilikuwa zimefungwa sawasawa. Jikoni kwa mtu ungeambiwa kaa pembeni. Kwangu ulikuwa fundi.

Alfajiri ya Idi nikapita sokoni kabla ya swala, nikapata matango na machungwa ya mwisho mwisho, ya kuchagua chini ya meza. Tukasali, tukarudi, nikakata. Mtindi nikautia chumvi, pilipili iliyopondwa na ndimu, nikauweka bakulini katikati. Karoti na matango vikalala kuuzunguka, tende zikapata upande wake mkavu, nazi vipande vyembamba, machungwa pembeni ili maji yake yasizurure. Tukafunika kwa kawa la mama yako. Matango hayakuona chumvi mpaka niliposikia viatu vinavuliwa.

Wakaja. Majirani kwanza, wale watu wa yadini wakafuata. Kisha Mama Mkubwa na mumewe. Hakukaa. Alipita barazani na salamu ya mguu mmoja, akaenda moja kwa moja uani, akaweka kiganja juu ya jiko. Nilikuwa nyuma yake.

"Baridi," akasema.

"Baridi," nikakubali.

"Shemeji, tulisema nini?"

"Tulisema nyumba iwapokee. Mmeshapokewa, wewe ndiye uliyepita."

"Kwa matango? Siku ya Idi? Mie nikakae kwenye nyumba isiyopikwa?"

Baba Mkubwa, mtu ambaye katika maisha yake hakuwahi kumpinga mkewe, akaitika kutoka mkekani, mdomo umejaa, "Mama Salma, mie nimeshakaa."

Watu wakaangua kicheko. Kumbe mzee wa watu alikuwa ametoka nyumba ya tatu, na kila nyumba pilau, na kila nyumba ameambiwa hujala wewe, ongeza. Alikuwa anatoka jasho. Alikuwa amelikamata lile bakuli la mtindi kwa mkono wa kushoto kama mtu aliyekamata usukani, na wa kulia unakwenda na kurudi na matango. Na si yeye peke yake. Siku ya Idi ikifika saa tano, Dar es Salaam nzima imeshiba wali na hakuna anayethubutu kusema. Walipofika kwangu wakakuta kitu chenye maji, chenye ndimu, cha kutafuna, wakavua kofia. Wale waliosema wanapita tu wakanyoosha miguu. Na jambo jingine wakalitaja wenyewe: mwenye nyumba amekaa nao. Hayuko uani anapuliza makaa, macho mekundu. Nilikuwa pale mkekani, nawatania, nawaongezea.

Mama Mkubwa akabaki amesimama mlangoni. Ukamfuata na sahani, mikono miwili.

"Shikamoo Mama Mkubwa. Tende nimezijaza mie."

"Marahaba. Nani kakufundisha?"

"Baba. Chukua za korosho, za karanga zina chumvi."

Akachukua moja. Akatafuna polepole, anatafuta kasoro. Akachukua nyingine. Alikula tende saba, Mwajuma, amesimama. Nilizihesabu, maana kuhesabu ndiyo kazi yangu, na sijawahi kuhesabu kitu kwa furaha kama ile, hata meli ya mchele.

Kisha akajifuta vidole, akasema, "Mwaka huu umepita. Mwakani nakuja tena."

"Karibu," nikasema.

Usiku ule hukujifunga kanga. Ulilala kama mtoto, umetupa miguu.

Akaja mwakani. Akaja na mwaka uliofuata. Idi zote hizi hakuacha hata moja, na kila mara anaanzia uani na kiganja chake. Ungeweza kufikiri nilikuwa nimefaulu mtihani. Mie nilikuwa nimeandikishwa shule. Nikaapa jiko lile siku ya Idi halitawaka, na halikuwaka. Ulipofika miaka kumi na mitatu ukajua kupika kunishinda mara mia, ukaniuliza, "Baba, mwaka huu nipike pilau, tumwonyeshe?" Nikakataa. Najua ulinuna. Ulitaka ushindi wa kumnyamazisha. Mie nilitaka ajue kwamba nyumba hii haijawahi kuhitaji kufanana na yake. Kwa hilo siombi radhi, hata kwako.

Idi ikawa inarudi nyuma mwaka hadi mwaka, na sinia likafuata. Ikatoka kwenye machungwa ya masika, ikaingia kaskazi, tukakutana na maembe na mananasi. Na nchi nayo ikafunguliwa. Maduka yaliyokuwa na chumvi na viberiti tu yakajaa makopo: jibini, biskuti za chumvi, sardini, zeituni za kijani ambazo ulizitema mara ya kwanza ukasema zina ladha ya sabuni. Watu wakasema ruksa, ruksa. Ruksa hiyo hiyo ndiyo iliyotufungia yadi. Tuliitwa siku moja, tukaambiwa shirika linapunguza watu, tukapewa barua, tukatoka getini mie na miaka yangu kumi na saba ya kuhesabu mali za wengine bila kukosea.

Unakumbuka wiki mbili nilishinda barazani. Baadaye nikarudi kwenye geti lile lile, upande wa nje, na meza. Matango, nanasi, maembe mabichi na pilipili, kwa madereva wa malori ya kwenda Zambia. Walionijua wakapita na magari yao wakisema karani amekuwa muuza matango. Nikawauzia. Aliyenicheka kwa sauti kubwa kuliko wote alirudi siku ya tatu, akala wima kama Mama Mkubwa. Kisha wakala mmoja wa forodha, Mchaga, akaniuliza kama naweza kumwandalia sinia la wafanyakazi wake Krismasi, ofisi haina jiko. Haina jiko. Nilicheka mpaka akadhani namcheka yeye. Mwaka ule nilipeleka masinia manne, mwaka jana ishirini na sita. Ada zako za chuo zilitoka humo, hakuna aliyetusaidia, na waliokuwa na wajibu wa kutusaidia nawajua kwa majina.

Kwa hiyo, Idi ikikukuta huko, usihangaike na jiko la mwenye nyumba. Usiombe sufuria. Tende na korosho ninakufungia, ziko chini ya viatu. Nazi Mwanza ni chache, usizitafute, bei yake itakuchekesha. Weka karanga, kule ni nzuri. Mtindi kule utapata mzito kuliko wetu, Wasukuma wana ng'ombe. Uchuje usiku kucha. Maembe kata mwishoni. Kama huna sinia, geuza kifuniko cha ndoo, tandika jani. Na usikate kitu chochote laini mpaka uwe na hakika na mwezi, na hakika haitoki kwa watoto wenye madebe.

Mtu akikuuliza, "Dada, hujapika?" mwambie hapana, hukupika. Usieleze. Usiseme jiko bovu, usiseme umechoka, usiseme wewe mgeni. Nimeona wanawake wazuri na wanaume wazuri wanaharibu karamu zao kwa kuziombea msamaha kabla mgeni hajaonja. Weka sinia chini, kaa nao.

Sasa nimalizie ya leo, maana wewe ulishaingia ndani na vikombe vyako na hukusikia kilichofuata.

Watu walipotawanyika Mama Mkubwa alibaki. Akanirudia lile lile, kwa sauti ya chini safari hii. Kwamba msichana hapandi treni peke yake kwenda kuishi chumba cha kupanga. Kwamba aje Kinondoni, atulie, mume atapatikana, tena ana mtu tayari. Nikamwambia, "Shemeji, nilibaki na mtoto ili nimkuze. Sikubaki naye ili nimweke kabatini." Akasema nina kiburi. Nikasema ninacho.

Akanyanyuka, akaenda uani. Nikadhani anakwenda kugusa jiko kwa mazoea. Nilimkuta amesimama tu, mkono ameuficha ndani ya kanga. Akasema, "Basi Idi hii sitakuja. Aliyekuwa ananileta hatakuwepo."

Mwajuma, miaka kumi na moja nilidhani anakuja kunikagua, kumbe alikuwa anakufuata wewe. Sikumwambia pole, sijui kumwambia pole mwanamke yule. Nilimwambia, "Utakuja. Nitaandaa, na jiko utalikuta baridi vile vile." Akasonya. Lakini hakusema hapana.

Atakuandikia. Namjua. Barua yake itakufikia kabla ya yangu ijayo, itasema rudi, Kinondoni kuna chumba, kuna mume. Siku ile ya kiti cha waya alikutaka nami nikamjibu. Kila Idi alikutaka nami nikamjibu, kwa matango, kwa tende, kwa ukaidi, kwa chochote nilichokuwa nacho mkononi, kwa sababu wewe ulikuwa mdogo. Hii ya sasa haina jina langu juu yake. Sitaijibu, na sitakuambia uijibu vipi. Ukiona inafaa urudi, panda treni urudi, nitakupokea stesheni bila kuuliza. Ukiona haifai, mwandikie mwenyewe, kwa mkono wako, kwa heshima, kwamba hapana.

Baba yako,
Tandika.